Papa yupo, ila siye anayenitisha hapa Coco

Haya niliyaongea Jumamosi asubuhi pale Coco Beach, Dar, kwa wazazi na vijana ninaowafundisha kupanda ubao kwenye mawimbi. Kuna waliokosa wakaniomba niyaandike, basi nimeandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipokatizwa na jamaa wa mihogo.

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo vipi. Na nyie watoto mliokaa mbele hapo acheni kwanza kurushiana mchanga, tutaingia baadaye, maji yenyewe si mnaona bado yako kule kwenye mwamba, yakianza kujaa tutamaliza.

Sasa nimewaita kwa sababu ya klipu. Wote mmeiona, na kama hujaiona basi wewe hauna ndugu kwenye WhatsApp. Jamaa kakaa juu ya ubao wake katulia zake anasubiri wimbi, mara nyuma yake linachomoza pezi, maji yanachafuka, jamaa anadondoka, linakuja wimbi linaziba kamera humuoni tena. Halafu chini mtu kaandika, Coco Beach leo asubuhi, wazazi chukueni tahadhari, sambaza kwa magrupu yote. Na sisi kwa kusambaza hatujambo. Wiki hii watoto sita hawakuja mazoezini. Mama mmoja akanipigia saa tatu usiku, salamu hakuna, ananiuliza mwalimu, hivi wewe unajua kwamba kwenye hiyo bahari kuna papa? Nikamjibu mama najua, jana nimemla na wali wa nazi. Hakucheka. Na nilivyokata simu nikajiona mjinga kwa kweli, maana mtu anakuuliza habari ya mwanawe wewe unamletea utani wa mchuzi.

Kwa hiyo leo namjibu vizuri, na nyie wengine sikilizeni humohumo.

Kwanza klipu. Ile siyo ya Coco na wala siyo ya leo asubuhi, ni ya tarehe 19 Julai 2015, Jeffreys Bay, Afrika Kusini. Yule jamaa anaitwa Mick Fanning, Mwaustralia, bingwa wa dunia mara tatu, alikuwa kwenye fainali ya mashindano inarushwa laivu, ndo maana picha ni safi vile, huku Coco nani angekuwa na kamera ile. Papa alikuja kwa nyuma, akajinasa na ile kamba inayofunga ubao mguuni, jamaa akawa anavutwa, akageuka akaanza kumtandika ngumi mgongoni, kamba ikakatika, pikipiki za majini zikamuwahi. Akatoka hana hata mkwaruzo. Hicho kipande cha yeye kutoka hakimo kwenye klipu mliyotumiwa, mtu alikikata makusudi. Na kuna kitu kingine hakimo ambacho mimi ndo nakipenda kuliko vyote: mpinzani wake, Julian Wilson, ambaye walikuwa wanagombea naye hela na kombe, alipoona mwenzake kadondoka hakukimbilia nchi kavu, alilala kwenye ubao akapiga mikono kumfuata kule kule kwenye papa. Fainali ikafutwa wakagawana pesa. Mwaka uliofuata Fanning akarudi pale pale akashinda.

Haya, hiyo tumeiweka pembeni. Ila swali la mama bado lipo, kwamba papa wapo au hawapo. Wapo. Mimi nimezaliwa Msasani, babu yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa, hakuna mtu wa kunifundisha kwamba bahari hii haina papa. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi saa kumi na mbili utawaona wamelazwa kwenye sakafu. Juzi nilienda kwa ajili ya haya maongezi, nikamkuta kijana anampaa papa mdogo, urefu wa mkono wangu hivi. Nikamwomba nimshike. Ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini kama sabuni, ukirudisha mkono kuja kichwani ngozi inakukwaruza kama msasa, kiganja kilinibaki chekundu. Halafu akamgeuza akanionyesha puani, kuna vitundu vidogo vidogo kama mtu kachoma na sindano, ukiminya inatoka ute. Wale wataalamu wanasema vitundu vile ndo vinavyomfanya asikie umeme mdogo sana unaotoka kwenye mwili wa kiumbe kingine, mpaka samaki aliyejifukia kwenye mchanga anamjua yupo. Yaani wewe unahangaika kumtafuta papa kwa macho, yeye ameshajua zamani kwamba upo, na mara nyingi akishajua anaondoka zake.

Mapezi kijana aliyaweka pembeni kwenye ndoo, hayo yana mnunuzi wake. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekaa pale anashona nyavu, mzee wangu, papa siku hizi wakoje? Akaniambia mjomba, zamani jarife ukilitega jioni asubuhi unaita watu wakusaidie kuvuta, siku hizi tunavuta wawili tukipiga stori. Jarife kwa wasiojua ni ule wavu wa macho makubwa, wa papa na taa, yule samaki bapa mwenye mabawa. Sasa hilo la mzee siyo la huku tu, wanasayansi wanakadiria papa wanaouawa na binadamu kwa mwaka ni kati ya milioni 80 na milioni 100. Milioni. Wekeni hiyo namba kichwani maana naleta ya upande wa pili.

Marekani pale Florida kuna watu kazi yao ni kuandika kila tukio la papa kumng'ata mtu dunia nzima, daftari lao wanaliita kwa kifupi ISAF, linatunzwa kwenye makumbusho ya viumbe asilia. Mwaka 2023 waliandika matukio 69 ambayo mtu hakumchokoza papa, wakafa watu 10. Mwaka 2024 yakashuka kuwa 47, wakafa 4. Kumchokoza maana yake umemshika mkia, umemlisha kwa mkono, unamtoa kwenye wavu akiwa hai, hayo wanayahesabu peke yake. Kwa hiyo watu 47, dunia nzima, mwaka mzima. Hawajazi hata daladala ya Mbagala saa moja asubuhi, mnajua wenyewe zinavyojazwa.

Sasa mwalimu mwingine angeishia hapo, akawaambia si mnaona, hamna shida, leteni watoto na ada. Mimi siishii hapo kwa sababu ningekuwa nawadanganya. Katika wale 69 wa mwaka 2023, asilimia 42 walikuwa watu wa mbao, wanaosefu na wenzao. (Nasema kusefu, wazee, siyo sefu ya kufungia pesa, ndo huu mchezo wa kusimama juu ya ubao kwenye wimbi, watoto hapa wanasema kupanda ubao.) Na ukifikiria inaeleweka. Muogeleaji wa kawaida anaingia mpaka kifuani, anajimwagia, anatoka kula mhogo. Sisi tunakaa saa mbili tatu kule wimbi linakovunjikia, na pale ndipo samaki wadogo wanapozunguka, povu jingi, maji hayaonyeshi, miguu inaning'inia. Wataalamu wa Australia mwaka 2021 walipima wakaona kwamba papa mweupe, hasa yule mdogo mdogo, akiwa chini akitazama juu hawezi kutofautisha mtu anayepiga mikono kwenye ubao na sili. Sisi huku sili hatuna, kwa hiyo hiyo stori ya kufananishwa na sili tuwaachie wa kusini na baridi yao.

Wa kwetu wa kuwajua ni wengine. Yupo yule mwenye mistari ubavuni kama chui milia, huyo anakula chochote. Na yupo yule mnene, pua butu, ambaye kusini mwa Afrika wanamuita papa wa Zambezi kwa sababu anapanda mto kabisa, anaingia maji yasiyo na chumvi anaenda ndani maili na maili. Huyu wa pili ndo nataka tumzungumzie kidogo maana anapenda vitu ambavyo Dar tunavyo: mdomo wa mto, maji machafu, matope.

Kuna kisiwa kinaitwa Réunion, cha Wafaransa, kipo Bahari ya Hindi hii hii, mashariki ya Madagaska. Mawimbi yake watu walikuwa wanapanda ndege kuyafuata. Kuanzia 2011 mpaka 2019 papa wakaua watu 11 pale, kisiwa ambacho watu wake hawafiki hata milioni moja. Julai 2013 serikali ikapiga marufuku kuogelea na kusefu nje ya sehemu zenye mwamba unaokinga. Vijana waliokuwa wanaishi kwa kufundisha wakafunga biashara. Mpaka leo wanabishana sababu ilikuwa nini, huyu anasema hifadhi ya bahari, huyu anasema papa waliacha kuvuliwa kwa sababu nyama yake ilikatazwa sokoni, huyu anasema mifugo ya samaki baharini, mimi siingii kwenye ugomvi wa watu. Ila kuna kitu kwenye stori zao kinajirudia rudia, mvua imenyesha, mto umeshusha tope, maji hayaonyeshi, mtu kaingia hivyo hivyo kwa sababu wimbi ni zuri.

Sasa geukeni kule kulia. Si mnaona daraja lile, Tanzanite? Pale chini ndipo Msimbazi unapomwaga. Nyie wa Jangwani mnajua huo mto unabeba nini wakati wa masika, mimi nimeshaona godoro, nimeshaona mbuzi aliyekufa, nimeshaona friji. Vyote vinakuja huku. Rangi ya maji inakuwa chai ya maziwa. Na wimbi, hapo ndo penye mtihani, wimbi la kusi linaanza kupendeza miezi ile ile ya mwisho wa masika, Aprili Mei, vijana wanaona kubwa linakuja wanakuwa kama wamelogwa. Mimi kwenye hilo sheria yangu ni moja na wanafunzi wangu wanaijua: simama maji ya magoti, tazama chini, kama huoni vidole vyako vya mguu, toka. Siyo kwa ajili ya papa tu, hata kipindupindu na homa ya matumbo zimo humo, na konyeza, na misumari. Ila papa naye yumo kwenye hesabu, sijamtoa.

Na hesabu yenyewe ina mambo mengine kama manne matano nayasema haraka. Msiingie alfajiri gizani wala magharibi, muda huo ndo wao wanatafuta riziki. Msiingie karibu na wavuvi wanaposafisha samaki, pale Msasani wakitupa matumbo majini ukawepo wewe na ubao wako basi umejialika mwenyewe. Cheni na hereni zinazong'aa acheni nyumbani, zinameremeta kama magamba, na zitaibiwa pia. Ukiwa umejikata kwenye mwamba damu inatoka, toka na wewe. Na ukiona samaki wadogo wanaruka ruka juu ya maji kwa mkupuo, chini yao kuna mtu anawafukuza, usisubiri kumjua ni nani.

Lakini jamani, mimi nina miaka mingi kwenye hii fukwe na niwaambie kinachonitisha. Siyo papa.

Mwaka juzi tulikuwa Kigamboni, South Beach, vijana kama kumi na tano, kusi limetulia, maji safi kabisa. Nimesimama maji ya kiunoni nashika ubao wa dogo mmoja, ana miaka kumi na mbili hivi, siku yake ya tatu. Mara kule nyuma mtu anapiga ukelele, PAPA! PAPA WAWILI! Nikatazama, kweli, mapezi mawili meusi yametoka juu ya maji, yako sambamba, yanaingia yanatoka. Aisee. Watu wote kumi na tano wakakimbilia ufukweni, wenye mbao wakaziachia, ubao wa mtu ukaruka ukamgonga mwenzie mdomoni jino likachezacheza, na mimi mwalimu mzima nikageuka nikakimbia hatua tatu nne. Nne, nilizihesabu baadaye. Halafu nikakumbuka mtoto. Nikageuka, ubao upo, mtoto hayupo. Maji ya kiunoni tu. Alikuwa kadondoka, kamba ya mguuni imemzunguka miguu yote miwili, wimbi linamlaza kila akitaka kusimama, nikaona mkono tu, kiganja kimefunguliwa hivi. Nilimvuta kwa kiganja hicho. Akatapika maji, akanitazama, akaniuliza mwalimu, papa wako wapi?

Papa hawakuwepo. Ilikuwa taa. Taa akiogelea juu juu ncha za mabawa yake mawili zinatoka nje ya maji, moja huku moja kule, ukitazama kwa mbali unaapa ni papa wawili wanatembea pamoja. Mvuvi mmoja aliyekuwa anasukuma mtumbwi wake pale alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na mama yake yule dogo nilimwambia ukweli jioni ile ile, pamoja na zile hatua nne, ilibidi.

Kwa hiyo mama yangu ukiniuliza mwanangu ataliwa na papa, mimi moyoni naona kile kiganja. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Laki tatu, na upande ule tulisema wanne, tulisema kumi. Na hapa kwetu watoto wa pwani wengi hawajui kuogelea, mnashangaa nini, nyoosheni mkono nione, wazazi, nani hapa anajua kuogelea? ... Nimeona mikono saba, na huyo wa saba namjua anajua kuelea tu.

Coco penyewe pana mtego wake. Maji yakianza kupwa yanatafuta njia ya kurudi kupitia mapengo ya mwamba, hapo unapata mkondo. Na mkondo hauonekani mbaya, ndo ubaya wake: mawimbi yanavunjika huku na huku, katikati pametulia, pana rangi ya kuiva kidogo, mgeni anasema hapa ndo pazuri kwa mtoto. Pale panakuchukua taratibu tu, ukigeuka mihogo imekuwa midogo. Ukishachukuliwa usishindane nao kurudi moja kwa moja, utachoka ufe, lala chali uvute pumzi, nyoosha mkono juu, halafu ogelea kwa pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye njia yake ndo urudi. Kama una ubao usiuache kamwe, huo ndo boti yako. Watoto, nini hamuachi? ... Haya.

Sasa nirudi kwa papa mara ya mwisho kwa sababu kuna kitu kimoja tunaweza kujifunza kwake, na kinafaa hata kwa bodaboda.

Hawaii, kisiwa cha Kauai, tarehe 31 Oktoba 2003, binti wa miaka 13 anaitwa Bethany Hamilton alikuwa kalala kwenye ubao asubuhi, maji safi, hajakosea chochote, mkono wa kushoto unaning'inia majini. Papa mwenye mistari, urefu kama mita nne, akauchukua mkono mpaka karibu na bega. Huyo binti alipoteza zaidi ya nusu ya damu yake. Yuko hai leo, ana watoto, na alirudi kwenye ubao hata mwezi haujaisha. Watu wanapenda kusema ni ujasiri, sawa, ujasiri upo. Ila kabla ya ujasiri kulikuwa na baba wa rafiki yake pale kwenye maji ambaye alijua kufunga. Alimfunga mkono pale pale, kabla ya gari, kabla ya daktari. Watu wengi wanaouawa na papa hawaliwi, wanamaliza damu, papa keshaenda zake zamani.

Njoo hapa dogo, lete mguu wako. Nani ana leso? Kanga hiyo hiyo mama, itarudi nzima. Angalieni. Unaikunja iwe pana kama vidole vinne, kamba nyembamba inakata nyama. Kidonda tuseme kiko hapa chini ya goti, mimi nafunga huku juu, kwenye paja, siyo juu ya goti lenyewe. Fundo moja. Naweka kijiti, au kalamu ngumu, au mwiko wa jamaa wa mihogo. Fundo la pili juu ya kijiti. Halafu nazungusha. Nazungusha mpaka damu isimame kabisa, siyo ipungue, isimame, na ataumia, atakutukana, wewe zungusha tu. Pole dogo. Kisha unafunga kijiti kisirudi, unaandika saa, hata kwenye paji la uso wake kwa makaa, na hufungui fungui kuchungulia, anayefungua ni daktari. Mwingine anapiga simu 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Kama bado huna kitu cha kufungia, kunja ngumi weka hapa kwenye mkunjo wa paja na tumbo, katikati, kandamiza kwa uzito wako wote, mshipa mkubwa wa mguu unapita hapo. Kufunga huku kumeokoa watu Australia, na ajali za bodaboda za barabara hiyo hapo nyuma yenu zinamaliza damu vilevile. Tutafanya mazoezi wote wawili wawili kabla hatujaingia, na wazazi pia, msijifanye kuangalia simu.

La mwisho ni filimbi. Cape Town wana utaratibu tangu 2004, wanaweka mtu mlimani juu ya fukwe ya Muizenberg na darubini, kazi yake kutwa nzima ni kutazama maji. Chini kuna bendera. Kijani maana yake maji yanaonyesha na hajaona kitu. Nyeusi, hajaona kitu lakini maji hayaonyeshi, na mimi hiyo nyeusi naipenda, maana inakiri. Nyekundu, kuwa macho, alionekana muda si mrefu. Nyeupe yenye picha ya papa pamoja na king'ora, toka sasa hivi. Hawaui papa, hawawatukani, wanatazama tu na kusema wanachoona. Sisi mlima hatuna, ila tuna ule ukuta pale juu, na mimi nina filimbi mbili na vitambaa vitatu, kijani, cheusi, chekundu, nilishonewa kwa fundi wa Kinondoni kwa bei ya jirani. Kuanzia leo hakuna mtoto anaingia bila mtu mzima mmoja amekaa pale ukutani hatazami kitu kingine. Siyo lazima ajue papa ni yupi na taa ni yupi. Filimbi ndefu moja, wote tunatoka, tunatembea, hatukimbii, kila mtu na ubao wake mkononi na kila mkubwa anamshika mdogo aliye karibu. Hilo la kutembea tutalifanyia mazoezi mpaka mchoke, kwa sababu ya zile hatua zangu nne.

Mama aliyenipigia simu namuona, amekaa kule nyuma na mtoto kamshika mkono. Mama, ule utani wa mchuzi unisamehe. Mtoto simlazimishi leo, akae na wewe. Ila nakuomba wewe ndo ukae ukutani zamu ya kwanza, maana katika watu wote hapa hakuna mwenye macho makali kama yako wiki hii. Ukiona kitu hukielewi puliza, hata kama ni mfuko wa plastiki, ambao tuliukataza tangu 2019 ila bahari naona haijapata taarifa. Tutatoka wote, na atakayekucheka atabeba mbao zote mpaka kwenye gari.

Haya, maji yameshafika mwamba wa pili. Watoto, viatu huku. Wawili wawili. Nani hajapaka ubao wake nta?